Isale Kwenye Chupa ya Soda

Wakati wa likizo Mektrida aliamka mapema kuliko siku za shule, jambo ambalo aliliona si haki hata kidogo. Siku za shule aliitwa na kengele. Siku za likizo aliitwa na ng'ombe, na ng'ombe hana Jumapili. Alifagia banda, akakatakata mgomba na kuumwaga kwenye hori, kisha akachukua ndoo kwenda kuchota maji mferejini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, anasoma darasa la sita, na watu wa upande ule wa Kilema walimjua kwa sauti. Alianza kuongea akiwa mlangoni, akaongea njia nzima, na ndoo ikiwa kichwani bado alikuwa anaongea.

Mwaka ule likizo ya shule na likizo ya chuo zilikutana. Dada yake Doris, binti wa baba yake mkubwa, alipanda kutoka Dar es Salaam kuja kukaa nao. Doris alizaliwa na kukulia huko huko Dar, na sasa alikuwa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, akisomea saikolojia.

"Saikolojia ndiyo nini?" Mektrida aliuliza siku ya kwanza, wakiwa jikoni na pakiti ya biskuti.

"Ni elimu ya nafsi na tabia za watu. Wanavyowaza, wanavyohuzunika, wanavyopenda."

"Kwa hiyo unajua ninachowaza sasa hivi?"

"Unawaza hiyo biskuti ya mwisho utaila wewe au nitaila mimi."

Mektrida aliogopa kweli kweli, maana ndicho alichokuwa anawaza. Doris akacheka mpaka akakohoa, akamsogezea biskuti yote.

"Hatusomi mawazo ya mtu, usiogope," alisema. "Mwaka wa kwanza nilijiunga na klabu ya wanafunzi wa saikolojia. Siku ile nilikaa karibu na mlango, ili nikichoka nitoroke. Wakatupanga wawili wawili. Mmoja anaongea, mwenzake anasikiliza tu, hamkatizi wala hampi ushauri. Mimi nikajikuta ninaongea habari za mama."

Mama yake Doris alifariki Doris akiwa kidato cha pili.

"Miaka yote watu walikuwa wananiambia nijikaze," Doris aliendelea. "Yule msichana hakuniambia nijikaze. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nililia sana, lakini wiki iliyofuata nikarudi, na sijaacha mpaka leo. Sasa nataka kuendelea na shahada ya uzamili, ile inayofuata baada ya hii ya kwanza, ili kazi yangu iwe hiyo hiyo ya kuwasikiliza watu. Nafasi ni chache. Mwalimu anayeilea klabu yetu ametuambia kila anayetaka kuomba afanye utafiti mdogo, wa kwake mwenyewe, aje kuuwasilisha mbele ya klabu na wahadhiri. Mimi nitauliza habari za wazee wanaobaki peke yao vihambani, watoto wao wakiwa mbali."

Kihamba, kwa Wachaga, ni shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba, kahawa, na makaburi ya waliotangulia. Wazee wa vihambani Kiswahili wanakisikia kidogo tu, na wengi wao, jambo likigusa moyo, hurudi kwenye Kichaga. Na Kichaga cha Doris kilianzia na kuishia kwenye salamu ya "shimbonyi". Akijibiwa tu, alikuwa amekwama.

"Nitakutafsiria mimi!" Mektrida alisema. "Basi na mimi nimejiunga na klabu."

"Umejiunga. Kazi yako ni moja tu. Wanachosema uniambie, na ninachosema uwaambie."

Ilionekana kazi rahisi kuliko kuchota maji.

Walianza kwa Mzee Melkior, aliyeishi peke yake karibu na njia panda. Mektrida alimwamkia shikamoo na kumweleza shida ya mgeni. Mzee alimtazama Doris kutoka viatuni mpaka kichwani, kisha akasema kwa Kichaga, "Huyu binti mbona mwembamba hivi? Huko Dar wanamlisha karatasi? Anataka kujua kama nina upweke! Mwambie upweke wangu utaisha akiniletea pombe ya mbege."

"Anasema nini?" Doris aliuliza, tayari kuandika.

Mektrida alimsogelea Doris sikioni. Angemwambiaje mgeni maneno kama hayo? "Anasema karibu sana. Amefurahi kukuona. Na hana upweke wowote."

Doris alitabasamu na kumshukuru mzee. Mzee naye akatabasamu. Mektrida aliona kuwa ameifanya kazi yake vizuri mno, kwa sababu kila mtu alikuwa amefurahi. Kwa mzee wa pili na wa tatu aliongeza sukari kidogo kidogo. Aliyelalamika miguu inamuuma na hana wa kumpeleka hospitali, yeye alitafsiri kwamba anaendelea vizuri. Aliyesema hajui sura za wajukuu zake, yeye alitafsiri kwamba ana wajukuu wengi.

"Kilema mnawatunza wazee, jamani," Doris alisema wakirudi. Mektrida alijisikia fahari, kana kwamba amesifiwa yeye.

Siku iliyofuata walikwenda kwa Bibi Justina, jirani yao. Vihamba vyao vilitenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu membamba inayopandwa mipakani. Bibi Justina aliwahi kuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa pale kigangoni, na mpaka sasa watu walikuwa wanamheshimu sana. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Kikienda mbio, kilimpita.

Doris alimuuliza, kwa kinywa cha Mektrida, siku zake zinakwendaje. Bibi alitazama njiani kwanza. Mektrida alitaka kuuliza tena, lakini Doris akamgusa mkono asiseme kitu. Ndipo Bibi alipoanza, kwa Kichaga, polepole.

"Mwambie dada yako kwamba sina raha. Mwanangu Basili hajakanyaga hapa kwa misimu mitatu ya kahawa. Bei ilipoanguka aling'oa mibuni ya marehemu baba yake akapanda nyanya. Mimi nikamwambia atoke, asikanyage tena kihamba hiki mpaka nife. Mama hasemi maneno kama yale. Akaondoka. Yupo Holili, mpakani na Kenya, ana stoo ya mahindi. Si mbali, lakini nani nimtume? Nikimtuma mtu wa hapa, kesho kijiji kizima kitajua. Dada yako ni mgeni, amesoma, na ni damu yenu."

Alisimama, akajikokota mpaka kwenye mstari wa masale, akachuma jani la isale. Alilifunga fundo, akampa Doris kwa mikono miwili.

"Mwambie ampelekee Basili isale langu. Mimi mama yake ninaomba msamaha."

Mektrida alilitazama lile fundo. Kila mtoto wa Kilema anajua isale ni nini. Mtu akimkosea mwenzake hulichuma, hulifunga fundo na kumpelekea, na aliyepelekewa isale halikatai. Lakini mama kumwomba mwanawe? Tena Bibi Justina, mbele ya mgeni wa Dar? Mama yake Mektrida alikuwa amemkanya mara nyingi kwamba mambo ya nyumba za watu hayatangazwi. Na jana tu Doris aliisifu Kilema.

"Anasema nini?" Doris aliuliza kwa upole. Alikuwa ameyaona macho ya Bibi.

Mektrida aliongea haraka. "Anasema ana mtoto wake yupo Holili, anafanya biashara. Huwa anamkumbuka. Na hilo ni jani la baraka, anakupa uwe nalo ukumbusho."

Doris alilipokea kwa kupiga magoti. Alipofika nyumbani aliosha chupa ya soda, akatia maji, akalichomeka lile jani humo na kuliweka juu ya meza ya sebuleni. Mama alikuwa Himo sokoni siku ile, na aliporudi usiku umeingia, alikuwa na haraka ya kukamua. Siku zilizofuata alishinda akichuma kahawa, akawa anapita sebuleni bila kutazama meza.

Siku chache baadaye Mektrida alikutana na Bibi Justina mferejini.

"Mjukuu wangu, dada yako amelipeleka?"

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Alifungua mdomo, na mdomo ukasema, "Ndiyo, Bibi."

Uso wa Bibi ulichanua. Alimshika Mektrida kichwani, akambariki. Mektrida alikwenda zake na ndoo, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akipita njiani bila kusema neno.

Jumamosi alitumwa kukata majani ya ng'ombe. Alipita kwa Bibi Justina asubuhi, akakuta uwanja umefagiliwa, hata chini ya migomba. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba kipya, amekaa kwenye kigoda mlangoni. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mtori, mtori wa ndizi na nyama, ambao mtu anayekula peke yake hapiki.

"Leo Jumamosi stoo zinafungwa mapema," Bibi alimwambia. "Atakuja."

Mektrida alirudi na mzigo wa majani saa za mchana, Bibi yupo pale pale. Alipita tena jioni kurudisha panga aliloazima. Jikoni hapakuwa na moshi tena. Kilemba kilikuwa kimelegea upande mmoja, na Bibi hakumwona akipita, kwa sababu macho yake yalikuwa njiani.

"Amelikataa isale langu," Bibi alikuwa anajisemea. "Mwanangu amelikataa isale."

Mektrida alikimbia mpaka nyumbani. Alijificha nyuma ya banda la ng'ombe, akalia huku ameziba mdomo. Alikuwa anataka kumtunzia Bibi heshima, na sasa Bibi alikuwa anaamini kwamba mwanawe hamtaki kabisa.

Baba yake, Wenseslaus, alikuwa fundi seremala huko Rau, Moshi mjini, na alirudi nyumbani kila Jumamosi. Jioni ile aliingia sebuleni, akaweka begi lake chini, na kabla hajakaa akaiona ile chupa. Alisimama.

"Hili isale ni la nani?" aliuliza. "Nani ametukosea mpaka aombe msamaha?"

"Ni jani la baraka, Baba Mdogo," Doris alijibu kwa furaha. "Nimepewa na Bibi Justina."

Baba aliligusa fundo. "La baraka? Mwanangu, isale lililofungwa si pambo. Hili lina mtu linayemwendea." Kisha akamgeukia binti yake. "Mektrida, wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri. Bibi alisema nini?"

Mama alitokea mlangoni na bakuli mkononi. Mektrida aliwatazama wote watatu. Alijua kwamba uongo mwingine upo tayari, umekaa kwenye ncha ya ulimi, na kwamba ungepita. Lakini akakumbuka kile kilemba kilicholegea.

"Alisema lipelekwe kwa Basili," alisema, na machozi yakamtoka. Akaeleza yote, na ya wazee wengine pia, hata lile neno la Mzee Melkior kuhusu karatasi.

Doris alikaa kitini taratibu. Siku zote hizo alikuwa amezitumia kuandika mambo ambayo hakuna mzee aliyeyasema. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa inakaribia, na alichokuwa nacho hakikufaa kitu. Mektrida alisubiri agombezwe. Ingekuwa nafuu kama angegombezwa.

"Nimeumia, Mektrida," Doris alisema hatimaye. "Sitakuficha. Nilikuwa ninaitegemea kazi hii. Lakini ya kwangu nitaianza upya. Yule Bibi ndiye asiyeweza kungoja."

"Twende kwake sasa hivi," alisema Baba. "Na utakayesema ni wewe."

Walimkuta Bibi Justina amekaa gizani, hajawasha hata taa. Mektrida alipiga magoti, akamwambia kila kitu kwa Kichaga: kwamba Basili hakulikataa isale, kwamba hajaliona kamwe, kwamba yeye ndiye aliyelizuia. Bibi alisikiliza. Alipoelewa, alishika kifua kwa mikono yote miwili.

"Hajalikataa?" aliuliza. "Hajalikataa?" Akarudia hivyo mara nyingi, wala hakumtazama Mektrida.

Jumatatu Baba hakurudi kazini Rau. Alisema isale lipelekwe na mtu mzima, ndivyo ilivyo heshima yake, lakini Mektrida akaandamana naye, kwa sababu maneno ya Bibi aliyekabidhiwa ni yeye. Huko Holili walimkuta Basili kwenye stoo yake, amejaa vumbi la mahindi, anapanga magunia. Alipoliona jani mkononi mwa Baba alikaa chini juu ya gunia.

"Mama amefariki?" aliuliza.

"Mzima," alijibu Baba. "Mektrida, sema."

Mektrida akasema. Hakupunguza, hakuongeza. Alisema hata lile la kwamba mama hasemi maneno kama yale.

Basili alilipokea isale kwa mikono miwili, akalia mbele ya vijana wake wa kupakia mizigo. "Mimi ndiye niliyeng'oa kahawa ya baba," alisema. "Mimi ndiye niliyepaswa kulipeleka. Kila Krismasi nilikuwa ninafika mpaka Himo, ninageuka. Nilidhani bado hanitaki."

Wiki ile Doris na Mektrida walizunguka upya, nyumba kwa nyumba. Mzee Melkior aliulizwa tena, na akajibu vile vile kwamba msichana huyu mwembamba analishwa karatasi. Safari hii Mektrida alitafsiri neno kwa neno. Doris aliangua kicheko. Mzee alipoona mgeni anacheka, alishtuka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, Babu."

Naye akacheka mpaka akafuta macho. Alipomaliza kucheka, alivuta kigoda karibu na kuanza kusimulia habari za mke wake, Elisaria, na jinsi ambavyo mpaka leo akichoma ndizi anachoma za watu wawili. Doris hakuandika kitu kwa muda mrefu. Alikuwa anasikiliza.

Najua mtauliza kama Doris aliipata nafasi yake, basi niwaambie kabisa. Alisimama mbele ya klabu na wahadhiri, akawaeleza aliyoyasikia, na pia akawaeleza kwamba mara ya kwanza alipewa majibu matamu yasiyo ya kweli, na kwa nini. Wahadhiri walimuuliza mengi kuhusu hilo kuliko yote. Mwaka uliofuata alianza shahada ya uzamili. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Kwanza kulikuwa na Jumapili ya wiki ile.

Jumapili ile, baada ya misa, Basili alipita Himo bila kugeuka, akapanda na miche ya kahawa ndani ya kikapu. Alipofika uwanjani alikiweka kikapu chini, akasema, "Shikamoo, Mama." Bibi hakuitikia. Alimvuta, akamkumbatia shingoni, na wote wawili wakasimama hivyo, mtoto mrefu amejikunja kwa mama mfupi, mpaka majirani waliokusanyika wakageuza nyuso kuwaachia nafasi.

Baadaye mtori uliletwa. Doris alimwomba Mektrida amuulize Bibi kama habari hii anaweza kuipeleka chuoni. Bibi aliweka bakuli lake chini, akajibu kwa Kichaga, kwa sauti iliyosikika na kila mtu. Alipomaliza, uwanja mzima ulimgeukia Mektrida. Wote walikuwa wameelewa isipokuwa Doris.

"Anasema nini?" aliuliza Doris.

Mektrida alisimama.

"Anasema uipeleke, ila jina lake usilitaje," alianza. "Anasema, mimi ninayekutafsiria nilimdanganya. Anasema, alikaa mlangoni siku nzima akidhani mwanawe amemkataa, na siku ile ilikuwa ndefu kuliko miaka yote mitatu. Anasema amenisamehe. Anasema nilidhani ninamtunzia heshima, lakini heshima yake haikuwa kwenye uongo wangu. Ilikuwa kwenye lile neno alilonikabidhi. Anasema, mtu akikupa neno lake ulifikishe, lifikishe kama alivyokupa, hata kama ni la aibu, hata kama linakuuma wewe mwenyewe unayelisema."

Bibi Justina alimgeukia Basili. "Amesema yote?"

"Yote, Mama," alijibu Basili. "Hajaacha hata moja."

Bibi akasogea kwenye benchi, akapapasa mahali palipobaki wazi pembeni yake, akamwita Mektrida aje kukaa ale.